Abaqus inakwama katikati ya hatua: nisome nini kwenye faili la .msg?

Swali
Habari wakuu. Nina modeli ya sili ya mpira (kizuia uvujaji; elementi, yaani vipande vidogo vya modeli, ni za aina ya CAX4H) inayobanwa na sahani ya chuma yenye mfereji. Abaqus/Standard, programu ya kukokotoa jinsi vitu vinavyobeba mzigo, inaenda vizuri hadi asilimia 34 ya hatua ya upakiaji, kisha ongezeko la muda (kipande kidogo cha hatua hiyo) linakatwa mara 5 na kazi inakufa. Nipunguze ongezeko la kuanzia au nilegeze kikomo cha kosa?

Jibu 1
Usiguse chochote kati ya hivyo kwanza. Kila mkato unabakiza robo ya ongezeko, kwa hiyo mikato 5 imekushusha hadi sehemu moja ya 1,024. Udogo wa ongezeko ungekuwa dawa, ungeshapona.

Fungua .msg (faili la ujumbe la kazi hiyo) uandike, kwa kila mzunguko wa kutafuta suluhisho, nguvu baki (nguvu ambayo bado haijasawazishwa) kubwa kuliko zote, namba ya nodi (pointi ya kona ya elementi) na mwelekeo wake. Ikishuka kwa kasi, modeli ni nzima. Ikirukaruka palepale, kuna kitu kinabadilisha hali. Tafuta pia maonyo mawili ya mfumo wa milinganyo usiotatulika vizuri: singulariti mara nyingi ni kipande kinachoelea bila kuzuiwa, pivoti sufuri mara nyingi ni nodi iliyofungwa na masharti yanayogongana. Watu huyachanganya haya mawili, na tiba zake zinapingana.

Muulizaji
Maonyo hayo hayapo. Nguvu baki kubwa kwa kila mzunguko iko nodi 4127, mwelekeo wa 2: 12.4, 3.1, 2.9, 3.2, 3.0. Nguvu ya wastani ni 18. Mgusano wa nodi hiyo unafunga na kufunguka kila mzunguko.

Jibu 2
Umeshapata jibu. Kikomo cha kawaida cha nguvu baki ni 0.5% ya nguvu ya wastani, yaani 0.09, wewe uko zaidi ya mara 30 juu yake. Kulegeza hapo ni kuficha ugonjwa.

Itafute 4127 kwenye picha. Ikiwa karibu na ukingo mkali wa mfereji, nguvu ya mgusano inageuka ghafla kila nodi inapovuka kona. Uviringishe ukingo, uweke elementi kama 9 kwa robo duara. Mpira uwe uso tegemezi (slave) wa mgusano, na elementi zake ziwe ndogo kuliko za chuma.

Jibu 3
Naongezea: onyo la thamani aigeni hasi (dalili ya kukosa uthabiti) kwenye mizunguko iliyotupwa lisikutishe. Thamani hizo zikibaki kwenye ongezeko lililokubaliwa, shuku kupinda ghafla au mpira kupita mnyumbuko ambao data yake ni imara. Mipaka hiyo ya mnyumbuko huandikwa kwenye faili la .dat. Na ukiwasha udhibiti bandia (nguvu za kutuliza modeli), linganisha ALLSD, nishati ya udhibiti huo, na ALLIE, nishati ya ndani: ALLSD ikizidi asilimia chache ya ALLIE, matokeo hayo si ya sili yako tena.