Lightroom 6 imegoma kufungua picha za R10, na darktable inapinda nguzo za ukumbi. Mbovu ni lenzi au programu?

BintiSinza

Wakuu, habari za jioni. Napiga picha za send-off na kitchen party, maskani yangu Sinza. Miaka yote nilikuwa na Canon 700D, mafaili yake ghafi (RAW) ya CR2 nayafungua kwenye Lightroom 6, programu ya Adobe ya kuhariri picha niliyonunua moja kwa moja, hakuna cha kulipia kila mwezi. Juzi nimejikakamua nikachukua EOS R10 na lenzi yake ya RF-S 18-45, duka moja la Kariakoo. Jumamosi nikawa na send-off Mbezi Beach. Narudi usiku nachomeka kadi, Lightroom inasema mafaili hayo haiyatambui. Yote ni CR3, aina mpya ya faili ghafi la Canon.

Mdogo wangu akanishushia darktable, programu ya bure ya kuhariri RAW, kwa bando lake (ananidai mpaka leo). Inafungua na rangi si mbaya. Ila zile nilizopiga jukwaa zima kwa 18mm, yaani upana wote wa lenzi, zile nguzo mbili zilizovishwa vitambaa vyeupe zimepinda kwenda nje kama mbavu za mtungi, na pembe za picha zina giza. Shangazi wa bibi harusi, aliyesimama pembeni kabisa, kichwa kimemwinamia ndani utadhani anasinzia. Nikienda sehemu ya marekebisho ya lenzi, inaniandikia lenzi haijapatikana.

Je, nimeuziwa lenzi mbovu? Muuzaji amesema nikitaka kuirudisha nisipitishe wiki hii. Na nianze kulipia Lightroom ya mwezi kwa mwezi? Laptopu yangu ni i5, RAM 8. Mteja anataka picha Alhamisi. Nawasilisha.

Dogo_wa_Mwenge

Dada unajitesa bure. Piga JPEG, picha ambayo kamera imeshaichakata yenyewe, mteja mwenyewe ataziangalia WhatsApp. Ukikwama sana nicheki, nina Lightroom mpya ya krak, unaweka dakika tano.

FundiTemeke

Hiyo ya krak kaa nayo mwenyewe. Laptopu yenye picha za wateja huipi kitu usichojua kimetoka wapi.

Mdogo wangu BintiSinza, usikimbilie Kariakoo. Kwanza, uliweka RAW peke yake au RAW na JPEG? Kama zote mbili, fungua JPEG ya jukwaa uiweke kando ya CR3 yake. Kama ni RAW tu, R10 inaweza kuichakata CR3 humo humo ndani ya kamera ikakutolea JPEG. Ingia kwenye menyu, hakikisha marekebisho ya lenzi yamewashwa, hasa lile la kupinda. Nguzo zikinyooka kwenye JPEG, lenzi yako haina ubaya.

Lenzi nyingi za kamera hizi mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), hasa zile ndogo za bei ya chini, huachwa zipinde makusudi. Kunyoosha picha kwa vioo vya lenzi kunataka vioo vingi, na vioo ni uzito na ni hela. Kwa hiyo kazi ya kunyoosha anaachiwa kompyuta. RF 24-105 ile ya f/4-7.1 iko hivyo hivyo: fungua RAW yake ya 24mm bila marekebisho, pembe ni nyeusi tii. Ikishanyooshwa, pembe zile zinasukumwa nje ya fremu na hakuna anayejua zilikuwepo. Wewe uliyetoka kwenye 700D hukuwahi kuona vituko hivi kwa kiwango hicho, ndiyo maana umeshtuka.

Sasa programu. Watu wanachanganya mambo mawili: programu kuijua kamera, na programu kuijua lenzi. Lightroom 6 imekwama kwenye la kwanza. Toleo lake la mwisho, 6.14, lilitoka Desemba 2017. CR3 ilianza 2018 na EOS M50. Hata uizungushe vipi mipangilio, haitafungua aina ya faili iliyozaliwa baada yake.

Shusha Adobe DNG Converter, ni ya bure. Inabadilisha CR3 kuwa DNG, aina ya faili ghafi ya Adobe wenyewe, na DNG Lightroom yako inaielewa. Ila kwenye mipangilio yake chagua ulinganifu wa Camera Raw 7.1 (Camera Raw ndiyo sehemu ya Adobe inayosoma RAW), usiache ule mpya kabisa, la sivyo utarudi hapa kulia tena. Za nyuso, keki na maua pitishia huko. Zile za jukwaa, kama DNG bado imepinda, usipigane nayo. Chukua Digital Photo Professional ya Canon wenyewe. Nayo ni bure, wanakuomba namba ya kamera tu, na lenzi zao wanazijua kuliko mtu yeyote. Ni nzito, mimi siipendi hata kidogo, lakini kwa kunyoosha nguzo haina mpinzani. Toa TIFF ya biti 16, faili la picha lisilobanwa, ukamalizie Lightroom. Chagua picha chache, maana R10 ina pikseli milioni 24 na TIFF moja inafika kama MB 144. Ukitoa send-off nzima hivyo, laptopu itakufia mikononi.

Kulipia kila mwezi? Lipia siku kazi zikiwa zinaingia kila wiki. Kwa sasa hapana.

Pengwini_Survey

Niitetee darktable kidogo. CR3 imeanza kuzisoma toleo la 3.8, Desemba 2021, kwa hiyo kufungua si tatizo. Lenzi inazitambua kupitia Lensfun, hazina ya vipimo inayojazwa na watu wa kujitolea. Inasoma jina la lenzi ndani ya faili na kulitafuta kwenye orodha. Jina likikosekana, hainyooshi kitu. Orodha inayokuja na programu huwa imepitwa, na kwenye Linux unaisasisha kwa amri ya lensfun-update-data. Ukiisasisha na bado haimo, usiipachike vipimo vya 18-55 ya 700D yako kwa sababu namba zinakaribiana. Kila lenzi inapinda kivyake. Bora RawTherapee, ina kitelezo cha kunyoosha kwa mkono, unavuta huku unaangalia nguzo.

Ukipenda kuwasaidia wengine, Lensfun wanapokea picha za kupimia: jengo lenye mistari mingi iliyonyooka, ukiwa umesimama mbali. Maghorofa ya Posta yanafaa. Upande wa bandarini usijaribu, walinzi watakuweka kiti moto.

BintiSinza

Asanteni sana. Fundi, nimelinganisha: JPEG ya jukwaa nguzo zimenyooka kabisa na shangazi kaamka. Lenzi sirudishi. DNG zinaingia Lightroom 6 bila shida, na za jukwaa nimezipeleka kwa Canon. Kweli ile programu ni kobe.

Dogo, JPEG siwezi. DJ alikuwa na taa za zambarau, bibi harusi kawa rangi ya bilinganya. Kwenye RAW nimemrudishia ngozi yake, kwenye JPEG niligusa kidogo tu shavu likaanza kutoka mabaka.

Swali la mwisho: sasa nina CR3, DNG na TIFF, diski imejaa. Nifute zipi?

FundiTemeke

Mteja akishapokea na kuridhika, futa TIFF na DNG. Hizo unazitengeneza tena wakati wowote. CR3 ziache, tena kwenye diski mbili.

Na ukitaka kuongeza lenzi, njoo na jina lake kamili kabla hujatoa hela. Zile za kuweka fokasi kwa mkono zisizo na mguso wa umeme haziipi kamera jina lolote, utakuwa unaichagua mwenyewe kwenye orodha, kama imo. EF 50 f/1.8 yako ya zamani, ukiwa na adapta ya Canon ya kuifunga kwenye R10, itajitambulisha yenyewe, usiiuze.