Tupeane uzoefu: Fangasi iliyojificha ndani ya kuta, tunaigunduaje na kuitoaje? (Mbeya, Iringa, Njombe na jirani)

Mleta mada, Uyole

Wakuu, mvua za huku zikikatika Mei, baridi ya Juni na Julai inaingia na madirisha yanafungwa kutwa. Hapo ndipo chumba kinaanza kunuka uvundo wakati ukutani huoni kitu. Mwenye nyumba ananunua ndoo ya rangi, anapaka, masika yakirudi rangi inavimba palepale. Wanaozijua kuta za nyanda hizi tuelezane namna ya kuipata fangasi, kuitoa, na kuyakata maji yanayoilisha. Wekeni vipimo tafadhali. "Paka dawa itaisha" haimsaidii mtu.

Naanza na kipimo cha nailoni. Futa ukuta ukauke, bandika kipande cha nailoni ngumu cha futi mbili kwa mbili, ziba pande zote nne kwa solotepu pana pasipite hewa, acha saa 48. Matone yakikaa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakikaa upande wa chumbani, tatizo ni mvuke wa chumba unaogusa ukuta wa baridi. Tiba zake hazifanani kabisa. Kubomoa plasta kwa ajili ya mvuke ni hasara tupu: fungua madirisha mchana, usianike nguo ndani, sogeza kabati sentimita 10 kutoka kwenye ukuta wa nje.

Fundi wa Isyesye

Nakuunga mkono mkuu, ila kabla ya nailoni tumia sikio. Gonga plasta kwa mpini wa bisibisi kila baada ya sentimita 20, ukianzia sakafuni kwenda juu. Plasta iliyoshika tofali inatoa mlio mfupi mzito, iliyoachia inalia kama debe tupu. Chora mpaka wa mlio huo kwa chaki, kisha rudi nyuma hatua tatu uangalie umbo lililojitokeza.

Umbo linaloanzia sakafuni na kukomea chini ya mita moja, likiwa na mstari wa chumvi nyeupe juu, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Tofali zetu za kuchoma zinanyonya sana, na nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila DPC, yaani nailoni inayolazwa juu ya msingi kuzuia maji ya ardhini yasipande. Umbo linaloshuka kutoka darini au kwenye lenta, kagua paa na gata. Likiwa chini ya dirisha tu, kagua kizingiti cha nje, mara nyingi kimemwagia ndani badala ya nje. Doa la peke yake katikati ya ukuta mara nyingi ni bomba.

Chumvi nayo isiwachanganye. Kwangua kidogo usugue kati ya vidole: chumvi inavunjika chengachenga na nyingi inayeyuka kwenye maji. Fangasi inapakaa na haiyeyuki. Chumvi itolewe kwa brashi kavu, maana ukiiosha inarudi ndani ya plasta na ukuta ukikauka inatoka tena.

Dada wa Kihesa

Na kuta zilizofunikwa paneli za PVC? Siku hizi fundi akiona ukuta unavimba anashauri paneli, na mteja anafurahi maana unapendeza siku hiyohiyo.

Fundi wa Isyesye

Dada, hayo ndiyo maficho makubwa kuliko yote. Nyuma ya paneli kuna vijiti vya mbao na uwazi mwembamba usiopitisha hewa. Ukuta ukivuta maji, vijiti vinaota fangasi kwanza, na mwenye nyumba anajua pale harufu inapotokea kwenye matundu ya soketi. Bodi za jipsamu ni mbaya zaidi, kwa sababu ile karatasi yake ni chakula cha fangasi.

Usibandue ukuta mzima. Zima swichi kuu ya umeme, kumbuka waya kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi, kisha toboa tundu la milimita 10 sentimita 15 juu ya sakafu, sehemu itakayofichwa na pazia. Ingiza kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Ukiona weusi kwenye vijiti au karatasi, ndipo ufungue. Ukuta unaovuta maji usifunikwe paneli mpaka maji yamekatwa na umekauka.

Bomba Mwanjelwa

Upande wa mabomba. Funga koki zote, usitumie maji kwa saa moja, angalia kile kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, bomba la maji safi linavuja. Unayetumia tenki, weka alama ya kiwango usiku, funga maji yanayoingia, uangalie asubuhi kabla mtu hajafungua koki. Kama haijulikani ni bomba gani, fundi alete pampu ya mkono ya kupimia presha: ajaze maji, apandishe mara moja na nusu ya presha ya kawaida, asubiri nusu saa. Mshale ukishuka, agawanye njia kwa valvu na kupima kipande kimoja kimoja.

Mita haitakuonyesha bomba la maji machafu. Bafuni ziba tundu la sakafu, mwaga maji yafike kina cha sentimita 2, weka alama, acha saa 24. Yakishuka kwa kiasi kinachoonekana na ukuta wa pili ukalowa, vigae vitolewe. Kupaka simenti nyeupe upya kwenye viungo hakutoshi: vigae havizuii maji, kinachozuia ni ile tabaka ya saruji ya kuzuia maji inayopakwa chini yake mara mbili na kupandishwa ukutani.

Wa Tukuyu

Nyumba za paa la kuficha zinateseka sana huku Rungwe kwa sababu ya wingi wa mvua. Maji yanapita pale bati linapokutana na ukuta wa juu uliolizunguka. Fundi akimwaga silikoni kwenye kona tu, jua na baridi vinaivuta inaachia. Bati la kufunika kona linatakiwa liingizwe ndani ya mfereji uliochanwa ukutani, kina cha sentimita 2.5, lizibwe kwa saruji na silikoni. Kichwa cha ukuta huo kiinamie kwenye paa, kisielekee nje. Gata la ndani liwe na matundu mawili ya kutolea maji, ili moja likiziba majani jingine liokoe.

Kupata penye tundu, tumia mpira wa maji siku kavu. Anzia chini kupanda juu, dakika 15 kila sehemu, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu kila kitu kinalowa na hutajua kosa liko wapi.

Vwawa

Wakuu, dawa ya fangasi ya kahawa si inafaa kupulizia ukutani? Zinauzwa kila duka la pembejeo.

Mafinga

Hapana ndugu yangu. Ile ni ya shambani, inabaki kama vumbi ndani ya chumba ambamo watoto wanalala, na ukuta ukiendelea kulowa fangasi inaota juu yake. Dawa ya kwanza ni kukata maji.

Kuhusu kuitoa: barakoa ya N95, glavu za mpira, miwani inayofunga. Mwenye pumu na watoto wakae nyumba nyingine kwa kazi hiyo. Toa magodoro, ziba mlango kwa nailoni, weka feni dirishani ikipuliza kwenda nje. Lowesha eneo kwa chupa ya kupulizia kabla ya kukwangua, maana fangasi kavu inarusha vumbi linalohamia vyumba vyote.

Plasta ibomolewe sentimita 30 kupita mstari wa chaki, na kama ni maji ya ardhini, nusu mita juu ya mstari wa chumvi. Bodi ya jipsamu usiioshe: ikate angalau sentimita 30 kupita weusi, itie kwenye mfuko na kuufunga kabla hujaupitisha sebuleni. Mbao, choma kwa bisibisi: ikizama kirahisi, badilisha, ikikataa, sugua kwa maji ya sabuni na msasa.

Tofali lisuguliwe kwa brashi ya waya na sabuni, ufute kwa kitambaa kilichokamuliwa. Jik ni kwa vigae na vitu vigumu: kikombe cha robo lita kwenye lita 4 za maji, dakika 10, suuza. Kwenye tofali maji yake yanazama ndani huku dawa ikibaki juu, kwa hiyo unaongeza unyevu. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi wala amonia, hewa inayotoka inaunguza mapafu. Kama eneo linazidi mita moja ya mraba au ni maji ya choo, mwite mwenye vifaa kamili.

Njombe mjini

Naongezea kurudishia, maana hapo ndipo kazi nzuri inaharibika. Nje kwanza: udongo au paving viwe chini ya DPC kwa sentimita 15. Wengi huinua baraza baadaye na kuizika DPC bila kujua. Chimbua, weka mkanda wa zege wa sentimita 60 unaoinamia nje.

Ukuta ukauke. Makadirio ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo bomoa mvua zikiisha ili upate kiangazi chote. Fungua madirisha saa nne hadi saa kumi, funga kabla ukungu haujashuka. Jiko la mkaa lisitumike kukausha chumba kilichofungwa, linaua.

Plasta ya chini iwe ndoo 1 ya saruji, ndoo 1 ya chokaa ya ujenzi, ndoo 6 za mchanga uliochekechwa, mikono miwili (tabaka mbili), jumla milimita 15. Saruji nyingi ya moja kwa tatu inaubana ukuta na maji yanapanda kutafuta pa kutokea juu zaidi. Mita moja ya chini usipige puti ya jipsamu wala rangi ya mafuta. Paka chokaa au rangi ya maji. Kabla ya kupaka rudia kipimo cha nailoni cha mleta mada, na ukikuta tone upande wa ukutani, rangi isubiri.