Watu wameharisha baada ya arobaini ya baba, bwana afya anahoji hadi wazima. Nimjibuje?

Mfiwa_Kusini: Wakuu habari zenu. Jumamosi tulikuwa na hitma ya arobaini ya marehemu baba, watu wakala saa 8 mchana wakatawanyika vizuri tu, kufika saa 5 usiku simu zikaanza, huyu tumbo linakata, yule anaendesha, hadi alfajiri watu 31, mwanangu akiwemo, katundikiwa dripu. Homa hakuna, kutapika wachache. Mtaa umeshaamua ni juisi ya ukwaju ya jirani yetu, eti maji ya kisima, mama wa watu hatoki ndani. Sasa bwana afya kaja na daftari, anaandika jina, umri, saa ulipoanza kuumwa, umekula nini, na anahoji hadi ambao hawakuumwa! Hao wa nini? Kesho anarudi kwangu.

Shekhe_Mtarajiwa: Pole mkuu. Ila mnakopa mpaka ng'ombe kulisha watu kwenye msiba, dini gani imewatuma?

Mnacho: Ruangwa 2022 watu wanatoka damu puani tukasema tumerogwa. Wataalamu wakaja na madaftari hivyo hivyo, wakapima, kumbe homa ya mgunda. Wagonjwa 20, watatu walifariki. We jibu tu wanachouliza.

Dokta_Mtaa: Wote wameze Flagyl, biashara imeisha.

Nesi_Mstaafu: Hapana, choo kichukuliwe kwanza, dawa baadaye. Mfiwa pole mwanangu. Wazima ndio wenye jibu. Ukihoji wagonjwa peke yao wote watakwambia tulikunywa juisi, maana kila mtu alikunywa. Linganisha: waliokula kitu fulani wameugua wangapi, wasiokula wangapi. London mwaka 1854 John Snow akifuatilia kipindupindu cha Broad Street alikuta wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu ya maji aliyoishuku wamesalimika, wenzetu walikuwa wanakunywa bia na maji ya kisima chao. Na nyie mmeugua kwa mkupuo usiku mmoja, kipindupindu kingeendelea kuangusha watu siku kadhaa. Nyama ilipikwa saa ngapi?

Mfiwa_Kusini: Asubuhi.

Nesi_Mstaafu: Asubuhi ya lini?

Mfiwa_Kusini: Mama, iliiva Ijumaa saa 2 usiku. Tukafunika masufuria, asubuhi ikapashwa kidogo. Lakini ilichemka sana na haikuwa na harufu yoyote! Wapishi walitaka alfajiri, mimi ndiye niliyewaharakisha. Tumeshakubaliana waseme saa 12 asubuhi, nani anataka matatizo. Iliyobaki iko friji kwa shangazi, kesho naitupa.

Kitafunwa: Hii chai. Mara asubuhi mara usiku, mara unamhurumia mama wa juisi mara unamsukumia. Huyu mwanachuo anatafutiwa asaimenti.

Mnacho: Chai na dripu ndani yake?

Kitafunwa: Dripu ndiyo sukari mkuu.

Mfiwa_Kusini: Ndugu zangu, mwanangu ana miaka 6, mkono umevimba kwa sindano, nitungie nini? Basi niseme yote. Kina mama waliokula mwisho nyama ilikuwa imeisha, wakapewa wali na maharage. Juisi walikunywa ile ile. Wako 14, hakuna hata mmoja aliyeumwa. Nalijua hili tangu Jumapili.

Nesi_Mstaafu: Kumbe unajua. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini kuna aina zina mbegu ngumu zinazobaki. Sufuria kubwa likifunikwa, katikati nyama inakaa vuguvugu usiku kucha, mbegu zinaamka zinazaliana, na kupasha kidogo hakusaidii. Mimi nahisi hivyo, maabara ndiyo itasema, kwa hiyo hiyo nyama usiitupe! Ukimpa saa za uongo atahangaika na kisima, na yule mama atahama mtaa.

Shekhe_Mtarajiwa: Na ni baba yako unayemsomea hitma.

Mfiwa_Kusini: Mrejesho. Bwana afya kaja saa 3. Nimemwambia. Hakugomba, kakata "saa 12 asubuhi" kaandika "Ijumaa saa 2 usiku", nyama kaiweka kwenye kiboksi chenye barafu. Ameomba majina ya wale kina mama 14.

Mnacho: Na mama wa juisi umeshamfuata?

Mfiwa_Kusini: Niko mlangoni kwake, nabisha hodi hajafungua.