Kufunga ERP kiwandani Mwanza: tupeane uzoefu

MhasibuIlemela: Wakuu, kila nikisikia kiwanda cha minofu kinaulizia bei ya ERP (mfumo mmoja wa kompyuta wa manunuzi, stoo na hesabu), swali langu ni moja: orodha ya wauzaji iko safi? Wakala yuleyule wa sangara yumo mara tatu: kwa jina la boti, kwa jina lake, kwa namba ya simu. Mfumo unamhesabu watu watatu. Advansi ya mafuta na nyavu inabaki kwa mmoja, samaki wanalipwa kwa mwingine. Muuzaji mmoja, TIN (namba ya mlipakodi) moja, namba moja ya mfumo, ndipo mhamishe salio.

Stoo_Igoma: Hapo kwenye advansi umegusa penyewe.

DadaMzani: Naongezea mapokezi. Sangara anaingia mmoja, yanatoka minofu, mabondo (vibofu vya hewa), mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki) na ngozi. Mifumo mingi imezoea kuunganisha: unga, sukari na mafuta, unapata biskuti. Kwetu ni kupasua. Msipoweka mgawanyo wa gharama mapema, mzigo wote unaangukia minofu na mabondo yanaonekana yamepatikana bure. Mnaishia kupanga bei kwa takwimu za uongo! Gawanyeni kwa thamani ya soko, si kwa kilo, maana kwa kilo mapanki yatabeba gharama kuliko mabondo. Halafu wekeni kiwango cha upungufu kati ya mzani wa mapokezi na wa mezani. Ukizidi, mfumo uzuie mpaka msimamizi aidhinishe.

FundiMifumo: Ndiyo maana dada, lazima mfumo uchongwe uwafuate nyinyi.

MhasibuIlemela: Sikubaliani kaka. Lidl, wenye supamaketi wa Ujerumani, walifuta mradi wao wa SAP (ERP ya kununua) mwaka 2018, baada ya takriban miaka 7 na euro milioni 500. Wao walithamini bidhaa kwa bei ya kununulia, mfumo ulizoea bei ya kuuzia. Waling'ang'ania mfumo uchongwe uwafuate.

Mdau_Kirumba: Milioni 500!! Za euro?

Mwaloni: Kampuni kubwa vile ikwame kwenye bei ya stoo? Nimesoma mara mbili.

FundiMifumo: Ya Lidl nimekubali. Ila kuunganisha ankara na risiti za kielektroniki za TRA hakukwepeki. Chongeni hapo, kwingine badilisheni utaratibu wenu.

Stoo_Igoma: Tuseme na siku ya kuwasha mfumo. Hesabuni stoo mashine zimesimama, kisha mkimbize daftari la zamani na mfumo mpya sambamba mwezi mzima.

DadaMzani: Mwezi ni mwingi mno. Karani anaingiza kila kitu mara mbili, akichoka anaanza kunakili tarakimu, na mnalinganisha nakala kwa nakala. Wiki mbili, daftari lifungwe. Na mkurugenzi akatae ripoti ya Excel kuanzia siku hiyo.

Mwaloni: Umeme ukikatika boti zinashusha?

DadaMzani: UPS (betri ya akiba) kwenye kompyuta ya mzani, na fomu za karatasi zenye namba mfululizo. Umeme ukirudi, zinaingizwa kwa mfuatano huohuo kabla ya zamu kuisha.

Mdau_Kirumba: Mezani mnapima samaki mmojammoja au kreti?

DadaMzani: Kreti. Zote ziwe aina moja, na uzito wa kreti tupu uwe umeshatolewa.