Tupeane uzoefu: Nini kilikufanya umwamini Mungu, au uache kumwamini?

Baba wa Mabinti:
Wakuu, habari za jioni. Juzi tunasali kabla ya kula, binti yangu wa darasa la tatu akaniuliza mbele ya mama yake, "Baba, mbona wewe hufumbi macho?" Nikajifanya sijasikia, nikamega ugali. Usiku usingizi ukagoma. Ukweli ni kwamba tangu 2009 mimi sisali. Kanisani naenda, sadaka natoa, kipaimara cha kaka yake niligharamia mimi hadi turubai. Mke wangu anajua nusu.

Ubishi wa dini ipi ya kweli sitaki, huo upo kila siku. Nataka lililokupata wewe mwenyewe ukaamini, au ukaacha. Wangu nitauweka nikishalaza watoto.

Kisiki:
Na yeye kakuonaje kama alikuwa amefumba?

Binti Pongwe:
Hahaha, Kisiki umemaliza. Uzi tayari.

Padri Mtoro:
Seminari miaka sita. Kijijini wanasema niliacha kwa sababu ya mwanamke. Siyo. Kwenye falsafa tulisoma tetemeko la Lisbon, 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Asubuhi, makanisa yamejaa, mishumaa inawaka. Kuta zikawaangukia, mishumaa ikageuka moto wa mji, na waliokimbilia ufukweni bahari ikawafuata. Mwalimu wetu, mzee wa watu, akatuuliza Mungu mwema alikuwa wapi, halafu akatuambia swali hili litatoka kwenye mtihani. Likatoka. Nikalijibu kurasa nne, nikapata alama za juu kuliko darasa zima. Hapo ndipo nilipoogopa. Nimejibu vizuri hivyo kitu nisichokijua?

Kisiki:
Kwa hiyo mwanamke hakuwepo kabisa?

Padri Mtoro:
Alikuwepo. Ila alikuja baadaye.

Mshauri Bila Malipo:
Mbona mnajitesa. Amini tu. Ukifa ukamkuta, umepona. Usipomkuta, umepoteza nini?

Jirani wa Namanga:
Umepoteza zaka ya miaka arobaini. Na je, ukimkuta halafu akawa wa dini ya jirani yako? Huku Kenya wasioamini wana chama kabisa, kilisajiliwa 2016, kikasimamishwa mwaka huohuo, wakaenda kortini hadi kikarudi. Mimi siamini ila sijajiunga. Nilitoka kanisani kukimbia michango, siwezi kwenda kuchangishwa tena na wasioamini.

Nesi wa Zamu:
Mimi naamini, ila nimechoka. Wodi ya wazazi, miaka kumi na minne. Mama analetwa na kifafa cha mimba, anatikisika kitanda kizima, tunakimbizana na magneziamu, daktari anakimbilia chumba cha upasuaji, mtoto anatoka, mama anafumbua macho siku ya pili. Ndugu wanaimba pambio hapo nje, "Mungu mkubwa!" Sawa, naimba nao. Kesho yake analetwa mwingine, wamechelewa naye nyumbani siku nzima, anafariki mikononi mwetu. Wale ndugu hawasemi Mungu. Wanasema manesi wauaji.

Mgonjwa akipona amepona kwa Mungu, akifa amekufa kwangu. Hesabu hiyo nimeizoea. Naamini kwa sababu saa tisa usiku, tukiwa wawili kwenye wodi ya watu arobaini, lazima niongee na mtu.

Mla Senene:
Huo mstari wa mwisho, dada yangu. Pole na kazi.

Mtoto wa Kemondo:
Nilikuwa napita tu ila nesi kanigusa. Nina hadithi moja na sijawahi kuiandika popote. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mzee wangu alikuwa akipeleka ndizi Mwanza. Jumatatu tarehe 20 Mei 1996 alikuwa Kemondo gatini, tikiti ya MV Bukoba mfukoni, anasubiri mzigo wake unaokuja na lori kutoka kijijini. Lori likakata springi njiani. Meli imefika kutoka Bukoba, watu wanapanda, ndizi hazionekani. Na mfanyabiashara haachi ndizi zikamwivie barabarani. Hapo gatini kulikuwa na kijana, mwanafunzi, anahangaika huku na huku, kaambiwa tikiti zimekwisha. Mzee akamuuzia ya kwake. Akaongeza mia tano juu. Kijana akamshukuru sana, mzee alikuwa akisema hivyo, kwamba alimshukuru sana. Mzee akarudi nyumbani usiku kwa miguu, amekasirika na lori. Asubuhi tukasikia redioni. Meli ya abiria 430, na waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Ilipinduka imebakiza kidogo kuingia Mwanza. Watu walikuwa hai ndani, wanagonga bati, ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka na ikazama moja kwa moja. Mama alipiga magoti hapohapo jikoni, sufuria iko motoni. Tangu mwaka ule kila Mei 21 anatoa misa ya shukrani na jogoo kwa paroko. Mzee naye tangu mwaka uleule hakukanyaga kanisani, mtu aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya. Mama akisema Mungu ndiye aliyekata springi ya lori, mzee anamjibu taratibu, "Kama aliweza kukata springi ya lori, injini ya meli ilimshinda nini?" Hawakugombana. Waliishi hivyo miaka kumi na nane, chumba kimoja, mmoja anasali rozari na mwingine kaelekea ukutani. Alifariki 2014. Jumuiya walisita kuja kusali kwa sababu kadi yake ya zaka ilikuwa tupu, mama akaenda kuwapigia magoti. Tulipofungua sanduku lake tukakuta noti ya mia tano ya zamani, imekunjwa ndani ya risiti ya kahawa. Hakuitumia. Ukiniuliza mimi niko upande gani, Mei 21 nampeleka mama misani, nakaa nje kwenye gari.

Fundi Kasuku:
Weka aya mkuu, macho yanauma.

Fundi Kasuku:
Nimerudia kusoma. Hii chai. Chai ya maziwa na maandazi. Tikiti ya meli unauzaje gatini kama karanga?

Mla Senene:
Kasuku, 1996 ulikuwa unanyonya. Watu wa Kagera hatuulizwi hilo. Wapo waliopanda bila hata hiyo tikiti, ndiyo maana idadi ya waliokufa mpaka leo kila mtu ana yake. Nenda Igoma, Mwanza, ukaone makaburi yao, kisha uje useme chai.

Fundi Kasuku:
Sijasema meli haikuzama. Nimesema tikiti.

Mama Neema Tele:
Mtoto wa Kemondo, pole sana baba. Lakini mzee wako alikosea. Muda wa yule kijana ulikuwa umefika, na wa mzee ulikuwa bado. Ndivyo ilivyo.

Jirani wa Namanga:
Muda wa watu mia nane ukafika dakika moja, wote wamepangwa meli moja? Nani alikuwa karani?

Mama Neema Tele:
Kijana, shika adabu. Kuna watu humu wamezika.

Binti Pongwe:
Nami ni mmoja wao. Sisi wa upande wa pwani tuna meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011, Nungwi, Zanzibar. Bibi yangu alipoteza watu wanne kwa usiku mmoja. Akasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, akafunga kanga kiunoni, akaanza kupika wali wa waliokuja kwenye msiba. Hakumuuliza Mungu kitu. Namanga, ungemletea hoja yako angekupa sahani kwanza. Sina hoja mimi. Nikitaka kuacha kuamini naiona ile mikono inachambua mchele, naghairi.

Jirani wa Namanga:
Sahani ningepokea. Samahani kama nimekwaza.

Padri Mtoro:
Huyo mzee wa Kemondo angefundisha falsafa. Maneno kumi na moja tu, na mimi niliandika kurasa nne.

Mshauri Bila Malipo:
Turudi kwa mwenye uzi. Mkuu, fumba macho. Inakugharimu nini? Sekunde ishirini.

Nesi wa Zamu:
Usifumbe. Mtoto ameshajua. Ukianza kufumba leo atajua na kwamba unaigiza.

Kisiki:
Mwambie unalinda nyama, kuna mtu huwa anadokoa wakati wa amina.

Mama Neema Tele:
Njoo kwenye maombi, usikae na jambo hili peke yako. Siyo lazima kwetu, popote.

Mla Senene:
Mwambie ukweli kidogokidogo. Mzee Kingunge, yule mwanasiasa mkongwe, alikuwa akiapa bila kushika Biblia wala msahafu na nchi haikuanguka. Hata sensa ya Tanzania hawaulizi dini tangu 1967.

Mshauri Bila Malipo:
Sensa hawaulizi, ila mama mkwe anauliza.

Baba wa Mabinti:
Nimerudi, watoto wamelala. Nilikuwa nimeandaa wangu, ila baada ya huo wa Kemondo naona aibu kuuweka. Haya, kwa kifupi. 2009 kijana wangu wa kwanza aliugua, mdogo kabisa, tukalazwa wiki mbili. Usiku mmoja nikiwa koridoni nikamwahidi Mungu, mtoto akipona pombe basi. Akapona. Mwezi wa kwanza nikakaza. Wa pili nikaonja. Wa tatu nikawa nimerudi kwenye kiti changu kilekile. Nikaanza kusubiri adhabu. Mtoto akikohoa tu, mimi jasho. Nimesubiri mwaka, miwili, haikuja. Siku moja nikagundua sisubiri tena, na kusali nako kumeisha, sijui kipi kilitangulia.

Kisiki:
Labda alikusamehe ukakataa kupokea.

Baba wa Mabinti:
Hilo sikuwahi kulifikiria. Ngoja nilale nalo.

Fundi Kasuku:
Hii siyo chai. Pombe naijua.

Mla Senene:
Mtoto wa Kemondo, samahani nakurudisha nyuma. Yule kijana wa tikiti, mzee aliwahi kusema alikuwaje? Mjomba wangu mdogo alipandia hapohapo siku hiyo, alikuwa anarudi chuo. Hakuopolewa.

Mtoto wa Kemondo:
Alikuwa akisema ni mrefu, ana shati jeupe, amebeba redio ndogo ameifunga na mpira.

Mla Senene:
Siyo yeye. Wa kwetu alikuwa mfupi, na redio hatukuwa nayo. Ahsante, ndugu yangu.