Tupeane uzoefu: ulishawahi kupiga simu ukasema "nimechoka, sirushi"? Nini kilifuata?

Stendibai_Daima
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa marubani wa abiria na wa mizigo, wa popote mlipo. Naomba visa vyenu, si hotuba za usalama. Hizo tumeshakaririshwa darasani.

Naanza na changu. Stendibai, yaani zamu ya kukaa tayari ukisubiri kuitwa kazini, ilianza saa 12 asubuhi. Niliamka saa 11, maana ukijua simu inaweza kuita, usingizi wenyewe unakukimbia. Nikakaa, nikakaa. Saa 6 mchana ikaita: ripoti saa 8, kwenda na kurudi, unamaliza saa 4 usiku. Nikapiga hesabu, toka stendibai ianze hadi mwisho wa kazi ni saa 16 kamili, na kanuni yetu inaishia hapo hapo. Nikasema sawa.

Wakati wa kurudi mwongoza ndege akatupa kimo cha futi 6,000, nami katika kumrudishia maneno yake nikasema 4,000 kwa sauti ya mtu anayejiamini kabisa. Rubani msaidizi ndiye aliyenishtua. Tulipozima injini nilikuwa macho kwa saa 17 hivi. Kuna utafiti wa mwaka 1997 uliokuta kwamba mtu akikaa macho saa 17, utendaji wake unashuka hadi kulingana na wa mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Ningekunywa kufikia kiwango hicho, leseni ingekwenda. Kwa kuwa nilichoka tu, nililipwa.

Kofia_Kongwe
Niseme lisilopendwa. Nina miaka 26 kazini na simu ya uchovu nimeipiga mara mbili. Siku hizi naona vijana wanaipiga kila Ijumaa jioni. Kuna kuchoka na kuna kutotaka kwenda, na kila mmoja wetu anajua ni lini alikuwa na kipi.

Lakini ile ya pili bado inaniuma. Ulikuwa usiku wa tatu mfululizo wa kazi, na hoteli tuliyopangiwa ilikuwa kwenye ukarabati, nyundo ukutani mchana kutwa. Nililala saa mbili tu. Nikapiga. Wakaniuliza, "Kapteni, unaumwa au umechoka?" Nimechoka. Kimya. Siku mbili baadaye nikaitwa kwa mkuu wa marubani "kuzungumza tu". Hakuna barua wala onyo, ila zile saa zilikatwa kwenye akiba yangu ya siku za ugonjwa. Tangu hapo nikawa nasema tumbo linauma. Ndiyo, nilidanganya. Na wenzangu waliendelea kulazwa kwenye hoteli ile ile kwa miezi, kwa sababu kwenye kumbukumbu hakuna aliyewahi kuchoka pale. Kulikuwa na wenye matumbo tu.

Maboksi_Usiku
Ninyi wa abiria mna kanuni za kulalamikia. Mimi nabeba mizigo Marekani. Kanuni mpya za saa za kazi zilipoanza kule Januari 2014, sisi wa mizigo tuliachwa nje. Marubani wa abiria wana ukomo unaobadilika kulingana na saa unayoanza kazi, sisi tuko kwenye kanuni za zamani pamoja na kile mkataba wetu unachosema. Boksi halimwandikii mbunge barua.

Usiku wangu uko hivi: natua kituoni saa 6 usiku, mizigo inachambuliwa kwa muda wa saa tatu hivi, naondoka saa 10 alfajiri. Hapo katikati kuna vyumba vya kulala. Ukilala dakika 40 unaamka kama umepigwa rungu, usipolala unaanza kuona taa za njia ya kurukia zinacheza. Na mwili wa binadamu unashuka kabisa kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, hata uwe umefanya kazi hii miaka 20.

Wanaojua ajali ya ndege ya mizigo pale Birmingham, Alabama, Agosti 14, 2013 watanielewa. Marubani wote wawili walikufa. Kinasa sauti kilionyesha kwamba mapema kwenye safari ile walikuwa wakizungumzia kanuni hizi hizi za mapumziko. Nimeshindwa kuisahau.

Mpanga_Ratiba
Mimi si rubani, ni yule mnayemchukia kwenye simu. Nilikaa kwenye dawati la ratiba miaka sita.

Siku ya mvua ya radi nina watu wanne wa stendibai na mapengo saba. Nikikuuliza "unaumwa au umechoka?" sikutegi, kompyuta ina vijisanduku viwili na lazima nibonyeze kimoja. Ila nakiri kulikuwa na sauti tuliyofundishwa, ile ya "Kapteni, una hakika? Tuna abiria 170 wamekaa." Hatukuandikiwa popote, tuliirithi kwa waliotutangulia. Kuna kapteni mmoja alinijibu, "Hao 170 ndio sababu yangu ya kupiga." Sikumwuliza tena mtu swali lile.

Na mimi nina langu. Kwa nini mnasubiri dakika 50 kabla ya kuondoka? Ukiniambia asubuhi kwamba hukulala, nakuhamishia ya jioni. Ukiniambia ukiwa mlangoni mwa ndege, nimekwisha.

Stendibai_Daima
@Mpanga_Ratiba kwa sababu asubuhi tunadhani tutaweza. Aliyechoka ndiye hakimu mbaya kuliko wote wa uchovu wake.

Mezani_Miezi14
Nilikuwa kwenye timu ya chama cha marubani iliyojadili mkataba na kampuni. Sheria iliwekwa kama ukomo, lakini kwenye ratiba kampuni huigeuza kuwa lengo. Sheria ikisema stendibai isizidi saa 14, utapewa 14. Ndiyo maana vita halisi iko kwenye mkataba.

Tulidai mambo matatu. Stendibai ya saa 12. Simu ya uchovu isiguse akiba ya ugonjwa. Na kila simu ipitiwe na kamati yenye idadi sawa ya watu wa kampuni na wa chama, ili mkuu wa marubani asiitane na mtu peke yake. Kampuni ikasema sawa, punguzeni asilimia kadhaa kwenye nyongeza ya mshahara.

Nilidhani ugumu utatoka upande wa pili wa meza. Ulitoka kwetu. Wenye ukuu kazini, yaani walioajiriwa zamani, hawakai stendibai, wanachagua safari zao na kulala kwao. Mmoja aliniambia uso kwa uso, "Sisi tuliteseka, nao wateseke, zamu yao itafika." Tukapata la pili na la tatu. Stendibai ikabaki 14.

Kofia_Kongwe
Nisingelisema kwa maneno yale, lakini mimi pia nilipigia kura mshahara.

Njia_Panda
Hakuna anayegusa la marubani wanaoishi mji mmoja na kituo chao cha kazi kiko mji mwingine? Ajali ya ndege ya abiria karibu na Buffalo, Marekani, Februari 12, 2009, watu 50 walikufa, wote 49 ndegeni na mmoja ardhini. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha toka Seattle, rubani mkuu alilala kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi pale kituoni. Baada ya hapo Marekani ikaweka mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, 8 kati yake zikiwa nafasi ya kulala. Ila hakuna kanuni inayokulazimisha kuhamia kituoni, na kwa mshahara wa wanaoanza wengi hawawezi.

Mistari_Miwili
Wakuu, niko mwezi wa tatu, bado kipindi cha majaribio. Mimi nikipiga inakuwaje?

Mezani_Miezi14
Sikudanganyi. Kwenye majaribio chama kina meno machache. Ukipiga, andika ripoti siku hiyo hiyo: ulilala saa ngapi, uliamka saa ngapi, simu iliingia lini. Usiandike hisia. Nakala moja kwetu.

Kofia_Kongwe
Na usiseme tumbo.

Mistari_Miwili
Shukrani. Stendibai yangu ya kesho inaanza saa 10 alfajiri. Sasa ni saa 2 usiku, nimezima taa tangu saa 1, na sina hata lepe la usingizi.