Grainda inaacha mawimbi kwenye shafti, chanzo sikijui

Fundi_Zamu:
Wakuu, nisaidieni. Shafti ikitoka kwenye grainda, ukiipapasa ni laini kabisa, lakini ukiielekeza kwenye taa unaona mistari imepangana kama mawimbi, imeachana milimita 10 hivi. Jiwe linazunguka mara 1500 kwa dakika, uso wa shafti unakwenda mita 15 kwa dakika. Nimelichonga jiwe kwa almasi mara tatu, mistari ni ileile. Beringi za spindeli, ule mhimili unaolizungusha jiwe, ni mpya. Asubuhi hali ni mbaya zaidi, mchana inapungua. Nimeshaharibu shafti mbili na roho inaniuma.

Msumeno:
Anza na miguu ya mashine. Weka pimamaji, kaza bolti.

Mzee wa Spindeli:
Miguu ikaguliwe, sawa, lakini vipimo vyako vinaonyesha jiwe. Mita 15 kwa dakika ni milimita 250 kwa sekunde. Jiwe linazunguka mara 25 kwa sekunde. Gawanya: 10. Kila mzunguko wa jiwe unaacha alama moja, maana yake jiwe lina upande mzito. Ingekuwa ule mtetemo unaojizalisha kati ya jiwe na kazi, ungetoweka ukishachonga, kisha ungerudi kidogo kidogo.

Sasa hiyo asubuhi. Jioni unazima jiwe maji ya kupozea yakiwa bado yanamwagika? Jiwe lina vitundu, linakunywa maji, na usiku kucha maji yanashuka upande wa chini. Funga maji kwanza, liache lizunguke tupu dakika kumi, ndipo uzime. Kisha lisawazishe pamoja na flanji yake, yaani kile chuma kinacholibana: sogeza vile vizito vilivyo kwenye flanji mpaka jiwe litulie popote utakapoliachia. Lichonge, ulisawazishe tena. Na kabla ya kulirudisha, ligonge taratibu kwa mpini wa mbao. Likitoa mlio mzito uliokufa, tafadhali usilifunge, lina ufa.

Fundi_Zamu:
Mzee, shikamoo na asante sana! Maji ndiyo yalikuwa tatizo. Mistari ya milimita 10 imekwisha. Imebaki hafifu, ya milimita 2.5.

Mzee wa Spindeli:
Marahaba. Hiyo ni mitetemo 100 kwa sekunde, mara mbili ya umeme wa hetzi 50. Naishuku mota. Weka kipima mtetemo, kisha kata umeme: mtetemo ukifa papo hapo, ni wa umeme, ukififia pamoja na kasi, tafuta kinachozunguka.